Sevisi ya gari: cha kumlipa wakala na cha kujifanyia uani

Safu ya maswali ya wasomaji. Mwezi huu barua zimetoka Dodoma mjini na wilaya za jirani, na karibu zote zinalalamikia bili. Tumezifupisha bila kugusa namba.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina IST ya 2005, injini ya 1NZ, imetembea kilomita 118,000. Nimeipeleka sevisi kwenye gereji kubwa ya mjini, zile ambazo mafundi wote wana ovaroli za rangi moja, nikaandikiwa hivi: oili lita 4, sh 140,000, filta ya oili 32,000, filta ya hewa 48,000, plagi nne 120,000, flashi ya injekta 60,000, "vifaa vidogo" 15,000, ufundi 70,000. Jumla 485,000, na VAT ya asilimia 18 ikawa 572,300. Jirani yangu kapita dukani akaniletea bei zake: oili hiyo hiyo 105,000, filta ya oili 18,000, ya hewa 28,000, plagi nne 60,000, kodi ikiwa ndani. Yeye hujifanyia mwenyewe uani. Je, nimepigwa? – *Msomaji wa Ilazo*

JIBU: Salama, ndugu. Hujapigwa, ila umeuziwa na vitu ambavyo gari halikuvidai siku ile. Tuichambue bili kwanza.

Ukitoa 211,000 za jirani kwenye 572,300 unabaki na 361,300, na hapo ndipo anapopata cha kuchekea. Lakini hesabu hiyo imechanganya mambo. Weka pembeni plagi, flashi na "vifaa vidogo". Kinachobaki ndiyo sevisi yenyewe: oili, filta mbili na ufundi, 290,000, na kodi inakuwa 342,200. Vitu hivyo hivyo dukani ni 151,000. Tofauti ni 191,200, nayo imegawanyika karibu sawa: elfu 69 ni nyongeza ya bei juu ya spea, elfu 70 ni ufundi, na 52,200 ni kodi. Unaona basi kwamba hata kabla hawajashika spana, gereji imeshapata faida kwenye kopo la oili na filta mbili sawasawa na malipo ya mikono yao. Ndiyo maana gereji nyingi kubwa hazipokei spea ulizonunua mwenyewe.

Sasa yale tuliyoyaweka pembeni. Flashi ya injekta, yaani kuzisafisha, haimo kwenye ratiba ya sevisi ya Toyota. Hufanywa gari likionyesha dalili: linatetemeka likiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, linachelewa kuitikia mafuta, au mashine ya kupimia imeonyesha silinda fulani haichomi vizuri. Kuiweka kwenye kila sevisi ni biashara. Kuhusu "vifaa vidogo", una haki ya kuuliza ni vipi. Mara nyingi ni kitambaa na dawa ya kusafishia mikono.

Plagi zinategemea aina. Ing'oe moja utazame ncha ya katikati. Ikiwa nyembamba kama sindano, ni iridiamu, na hiyo inafika kilomita 100,000. Ikiwa nene kama risasi ya penseli ya seremala, ni ya kawaida, ibadilishe kati ya kilomita 20,000 na 30,000. Kama gereji imekufungia iridiamu kwa elfu 30 moja, usikubali kubadilishiwa tena mwakani. Andika kilomita za leo kwenye kadi ya sevisi.

Plagi za 1NZ unaweza kuzibadilisha mwenyewe kwa nusu saa. Kuna koili nne, kila moja imeshikwa na bolti ya 10. Kabla ya kuitoa plagi, pulizia shimo lake kwa upepo, maana kwa Dodoma hapo ndani hamkosi vumbi na mchanga, na plagi ikitoka vinadondokea kwenye silinda. Injini iwe imepoa kabisa. Tumia boksi ya plagi ya 16 yenye mpira ndani. Plagi mpya izungushe kwa vidole hadi ikae, halafu spana nusu mzunguko tu. Ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, mpira wa kifuniko cha juu umechoka, na hiyo ni kazi nyingine.

Kuhusu oili yenyewe, hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoharibu.

Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, lita 3.4 bila filta. Kopo ni la lita 4. Fundi wa haraka humimina kopo zima "ili isipungue", na hilo ni kosa. Oili ikizidi, kombo ya krenki inaipiga hadi inatoa povu, na povu halilainishi chochote. Hizo mililita 300 zinazobaki zifunge vizuri uziweke buti, ndizo za kuongezea.

Washa injini dakika tano, iwe vuguvugu. Weka gari sehemu tambarare, handibreki juu, magogo nyuma ya matairi. Ukingo wa chuma chini ya milango una vikato viwili kila upande. Jeki inakaa hapo. Kisha jeki stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, na usitumie bloku za kujengea: bloku hupasuka ghafla, haitoi taarifa. Fungua kifuniko cha oili juu, halafu bolti ya sampu (beseni la oili chini ya injini), spana ya 14, kinyume cha saa ukiitazama kutoka chini. Iache ichuruzike mpaka iwe matone, kama dakika kumi.

Filta ikitoka, igeuze uitazame mdomo. Mpira wake mweusi wa duara upo? Kama haupo, umebaki umegandia kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, mipira miwili haishiki. Gari litawaka vizuri, litatoka getini vizuri, na likishika mwendo kwenye lami litamwaga oili yote kwa dakika chache. Pitisha kidole pale filta inapokaa, pafute, halafu paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya. Izungushe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Spana ya filta ni ya kufungulia tu.

Bolti ya sampu weka wosha mpya. Kipimo cha kiwanda ni kama newtoni-mita 37, ambacho kwa spana fupi na mkono mmoja ni kukaza hadi igome, kisha kuongeza kidogo. Wale wanaochomeka paipu kwenye spana ndio wanaokula nyuzi za sampu, na mteja anakuja kulijua hilo kwenye sevisi inayofuata, kwa fundi mwingine, ambaye ndiye atakayelaumiwa.

Mimina lita 3.4, washa kama dakika moja, zima, chungulia bolti na filta kama zinavuja, subiri dakika tano, pima kwa kijiti. Ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu.

Aina ni 5W-30. Ukiambiwa "huku kuna joto, weka 20W-50", kumbuka kwamba injini hii ina VVT-i, ambayo hubadilisha muda wa valvu kwa kutumia presha ya oili kupitia vijitundu vyembamba na kichujio kidogo. Oili nzito ikiwa baridi alfajiri ya mwezi wa saba inachelewa kufika huko. Kama injini imechoka na inakula oili, 10W-40 inavumilika. Kwa vumbi letu na safari fupi fupi za mjini, badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita.

Mwisho kabisa kwako: nunua oili kwenye duka linalotoa risiti ya EFD, angalia alama ya TBS na lakiri ya kifuniko, na ukimaliza toboa kopo kabla ya kulitupa. Kopo zima lenye nembo nzuri halikosi mnunuzi, na mnunuzi huyo hapeleki maziwa, anajazia oili feki.

SWALI: Mimi ni mwalimu, natumia Vitz, kila siku kilomita 14 za vumbi kwenda na kurudi. Fundi hupuliza filta ya hewa kwa kompresa kila sevisi na kuirudisha. Ananiambia ananiokolea pesa. Ni kweli? – *Mwalimu, Kongwa*

JIBU: Mara ya kwanza ni kweli, mara ya nne si kweli.

Karatasi ya filta inavumilia kupulizwa mara mbili au tatu kama upepo ni mdogo, chini ya bar 2, mdomo wa kompresa ukiwa mbali kama upana wa kiganja, na upepo ukitoka ndani kwenda nje, yaani kinyume na hewa inavyoingia. Kompresa za gereji kwa kawaida zina bar 6 hadi 8, na fundi anaubana mdomo kwenye karatasi kabisa. Hapo karatasi inatoboka matundu usiyoyaona. Ingia nayo chumba chenye giza, weka tochi ya simu upande wa ndani na utazame nje. Mwanga ukipenya sawasawa kila mahali, inafaa. Ukiona kimulimuli mahali pamoja, ni tundu. Usipoona mwanga kabisa, imejaa.

Ila kuna jambo ambalo fundi wengi hawaliangalii, nalo ndilo linaloua injini vijijini: boksi la filta. Klipu zake hukatika, mtu anafunga kwa waya, na vumbi linapita pembeni ya filta badala ya kupita ndani yake. Fungua bomba la hewa baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kikitoka kisafi, uko salama. Kikitoka na unga mwekundu, unga huo umekuwa ukiingia kwenye silinda na kusaga ringi, na baada ya muda gari linaanza kula oili. Filta mpya haitakusaidia kama boksi halifungi.

Mle mle kwenye bomba, karibu na filta, kuna sensa ya hewa yenye waya mwembamba kuliko unywele. Usiipulizie kwa kompresa, usiiguse kwa kitambaa. Ina dawa yake ya kupuliza. Hakuna dawa, iache.

Kwa njia yako, fungua boksi utazame kila kilomita 2,500. Haihitaji hata spana. Kipindi cha kiangazi usishangae filta ikichoka kabla ya kilomita 10,000, wakati kwenye lami tupu ingekwenda mara nne ya hapo. Na usisahau filta ya AC nyuma ya deshibodi ya abiria. Wengi hulipia gesi ya AC kumbe ni karatasi imeziba.

SWALI: Wanangu, mimi ni mstaafu, nina Premio. Fundi wangu anasema kulanti, ile dawa ya kupoozea injini, ni kupoteza hela, nijaze maji ya bomba tu kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Pia ametoa thamostati, anasema nchi yetu ina joto, haina kazi. – *Mzee wa Kikuyu*

JIBU: Shikamoo mzee. Magari ya zamani aliyokuwa akiyakumbuka yalikuwa na rejeta za shaba na injini za chuma cha kusubu. Premio yako ina kichwa cha alumini na rejeta ya alumini, na alumini haipatani na maji matupu.

Dodoma ina mambo mawili yanayoongeza ubaya. La kwanza ni maji yenyewe. Maji ya mjini kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, ni maji magumu. Ukoko mweupe unaoukuta ndani ya birika la nyumbani ndio huo huo unaojijenga ndani ya mirija ya rejeta, ila birika unaweza kulikwangua. La pili ni mwinuko. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na maji ya wazi huku huchemka kwenye nyuzi 96, si 100. Kifuniko cha rejeta chenye presha nzuri ndicho kinachopandisha kiwango hicho. Mpira wa kifuniko ukichoka, gari linachemsha hata kama maji yamejaa. Kifuniko kipya ni nafuu kuliko kila kitu kingine kwenye mfumo huo, anza nacho.

Thamostati irudishwe, mzee. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ya injini hizi hufunguka karibu na nyuzi 82. Bila hiyo injini inaendeshwa ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, na oili haifikii joto la kukausha unyevu. Utaona matumizi ya mafuta yakipanda bila sababu. Fundi anayetoa thamostati mara nyingi alikuwa anaficha rejeta iliyoziba.

Kazi ya kubadilisha unaweza kuisimamia hapo nyumbani. Gari likiwa limepoa kabisa, fungua kifuniko, fungua koki ya chini ya rejeta, mwaga. Jaza maji yaliyosafishwa, yale ya chupa za betri yasiyo na tindikali, washa hadi feni ipige, zima, acha ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe. Kisha kulanti iliyokwisha changanywa, imimine polepole, hita ikiwa kwenye joto la juu, injini ikinguruma na kifuniko kikiwa wazi ili mapovu yatoke. Usichague kwa rangi, kwa kuwa kila kampuni ina rangi yake. Soma kama imeandikwa inafaa alumini. Siku ya dharura njiani, maji yoyote masafi yanakufikisha nyumbani. Maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba.

SWALI: Nimechukua pikapu mpya kwa mkopo. Nikifanya sevisi mwenyewe kwa oili ile ile, waranti inabaki? – *Mfanyabiashara, Kibaigwa*

JIBU: Usijaribu. Waranti nyingi za magari mapya ni miaka 3 au kilomita 100,000, kipi kitangulie, na kitabu kinataka mihuri ya sevisi kwa tarehe na kilomita. Injini ikileta shida mwaka wa pili, mzigo wa kuthibitisha ulitumia oili gani utakuwa wako. Lipa kwa wakala mpaka waranti iishe, tunza risiti zote, lakini kataa kwa maandishi yale yasiyo kwenye ratiba ya kitabu. Mwambie karani wa mapokezi: "Nifanyieni sevisi ya kilomita kadhaa kama ilivyoandikwa, kingine chochote nipigieni kwanza." Sentensi hiyo pekee hupunguza bili.

SWALI: Nina Hilux ya dizeli, 2KD, niliinunua mkononi. Nabeba alizeti. Taa ya T-BELT imewaka, fundi akaizima akasema ni sensa tu. Na taa ya filta ya dizeli huwaka na kuzimika. Nifanye nini mwenyewe, na nini nimpe mtaalamu? – *Mkulima, Kondoa*

JIBU: Ya filta ni yako. Ya belti si yako wala si ya fundi huyo.

Taa ya T-BELT, yaani belti ya taimingi inayolinganisha valvu na pistoni, haina sensa ya kuangalia belti. Inahesabu kilomita tu, na ikifika kiwango, kwa magari mengi ya aina hii 150,000, inawaka. Kuizima ni kurudisha hesabu sifuri, belti ikiwa ile ile. Ikikatika, valvu na pistoni zinagongana, na hapo huzungumzii sevisi tena bali kichwa cha injini. Gari la mkononi lisilo na kumbukumbu lichukulie kuwa halijabadilishwa belti, na chungulia chini ya boneti kama kuna kibandiko chenye kilomita za belti. Badilisha belti pamoja na tenshena na beringi yake kwa mara moja, kwa kuwa beringi ikikwama inachukua belti mpya nayo. Mpe mtu anayefunga injini za KD kila wiki, mkae mkitazama alama za taimingi zikilingana kabla hajafunika.

Taa ya filta ni maji kwenye dizeli. Chini ya filta kuna koki ya plastiki. Weka chombo cha kioo, legeza koki mizunguko miwili hadi miwili na nusu, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Maji yatatangulia, yanakaa chini ya dizeli kwenye chombo na utauona mstari wake wazi. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, kaza koki kwa vidole, bonyeza pampu hadi iwe ngumu, washa. Taa ikirudi ndani ya wiki, acha kununua dizeli ya madumu. Injekta za komoni reli hazivumilii maji, na nne zikifa pamoja bei yake inaweza kukufanya uiangalie Hilux kama mbuzi mgonjwa.

Oili ya injini hiyo ni lita 6.9 na filta, 15W-40 ya dizeli. Usiweke ya petroli kwa sababu tu ilikuwepo.

SWALI: Nissan X-Trail T31, gia otomatiki. Fundi anataka kubadilisha oili ya gia boksi kwa ATF ya kawaida nyekundu, elfu chache tu. – *Dada wa Area D*

JIBU: Dada, mzuie leo. T31 yako ikiwa na CVT, yaani gia boksi ya mkanda isiyo na hatua za gia, inatumia oili ya NS-2, na ATF ya kawaida itaufanya mkanda wa chuma wa ndani uteleze. Dalili ni mngurumo na gari kupanda mlima bila nguvu huku injini ikilia, halafu gia boksi nzima inakufa. X-Trail ya zamani, T30, ina otomatiki ya kawaida, ndipo mafundi wanapochanganya. Kazi hii mlipe mtaalamu, maana usawa wa oili hupimwa ikiwa kwenye joto maalumu. IST na ndugu zake wa wakati huo wanatumia T-IV, nayo si sawa na zote mbili.

SWALI: Nasafiri Iringa kwa njia ya Mtera kila mwezi. Nikishuka Nyang'oro breki zinakuwa laini, pedali inazama, halafu chini zinarudi kawaida. Pedi nilibadilisha mwenyewe, ni mpya. – *Dereva, Kisasa*

JIBU: Pedi hazina kosa. Mafuta ya breki ndiyo yanachemka.

Mafuta ya breki yaliyo kwenye gari hunyonya unyevu wa hewa polepole hata kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa. DOT 3 mpya huchemka juu ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu ukiwa umekanyaga muda wote, kalipa (kifaa kinachobana pedi) inafika huko, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama puto: mguu unazama, gari halisimami. Yakipoa, kila kitu kinarudi, na fundi wa bondeni haoni tatizo.

Badilisha kila miaka miwili. Mnahitaji watu wawili, mpira mwembamba wa uwazi, chupa, na spana ya ringi ya ukubwa wa nipo, kile kichuchu cha kutolea mafuta kwenye kila gurudumu. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue nipo, aifunge kabla mguu haujaachiwa. Mafuta yatatoka ya kahawia, kisha ya rangi ya asali nyepesi. Chungulia tangi la juu kila mikanyago mitano; likikauka umeingiza hewa na unaanza upya. Tumia kopo ambalo halijafunguliwa, lile la mwaka jana lililobaki nusu limeshanyonya unyevu. Usimwagie rangi ya gari, yanabandua.

Kwa kuwa pedi ulizifunga mwenyewe, hakikisha pini za kalipa zinateleza kwa mkono baada ya kuzipaka grisi ya silikoni. Pini ikikwama, pedi moja ndiyo inayofanya kazi na inachemka maradufu. Nati za magurudumu ya Toyota ndogo ni newtoni-mita 103, zikazwe kwa msalaba, halafu uzirudie baada ya kilomita 50. Na kushuka Nyang'oro weka gia ya chini, L au 2, mguu uguse breki kwa vipindi.

SWALI: Oili chafu ninayoimwaga napaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Kuna ubaya? – *Msomaji wa Nzuguni*

JIBU: Mchwa wa Dodoma tunawajua, lakini oili iliyotumika ina mabaki ya metali na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na nguzo ikiwa jirani na bustani ya mchicha, mvua ya mwezi wa kwanza inaipeleka huko. Usiimwage kwenye shimo wala mfereji. Irudishe kwenye kopo, ipeleke gereji yenye pipa. Wakusanyaji huja kuinunua pale. Filta ya zamani iache imeinamishwa usiku mzima juu ya beseni, bado ina oili nyingi ndani. Na mikono ivae glavu, hasa wanaofanya kazi hii kila wiki.